Wati Nane na Spika za Sinema

Mama Sindano alikuwa na jibu moja kwa mambo yote ya redio, na alilitoa bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nzuri." Mumewe akibadilisha waya, nzuri. Akihamisha spika kutoka kona hii kwenda kona ile, kisha akarudi nyuma amekunja mikono kusikiliza, nzuri. Siku moja alisema nzuri kabla mashine haijawashwa, na mume akanuna kutwa nzima. Jamani, msimlaumu. Mtu mwenye magauni sita ya kumaliza kabla ya Ijumaa, na wenye magauni yao wanapiga hodi kila saa, atapata wapi nafasi ya kutega sikio? Na hivyo ndivyo walivyokaa kwa amani miaka thelathini na mbili.

Mume mwenyewe mtaa mzima ulimwita Bwana Wati. Alitengeneza redio za watu tangu ujana wake, na siku alipofunga kibanda chake akarudi nyumbani na kitu kimoja alichokiunda kwa mikono yake miwili: amplifaya ya valvu. Kwa asiyezijua, valvu ni zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, zinazowaka wekundu wa makaa na kuleta joto chumbani. Kazi ya amplifaya ni kuichukua sauti hafifu inayotoka kwenye santuri na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Hii ya Bwana Wati ilikuwa nzito kama gunia la saruji lililobaki nusu, lakini nguvu zake zilikuwa wati nane tu kila upande. Jirani mmoja aliposikia hivyo alicheka mpaka akashika mbavu, maana redio ya gari lake, alidai, ilikuwa na mia mbili.

"Nane zangu ni za kweli," Bwana Wati alimjibu, na hakumkaribisha tena.

Tabu ni kwamba wati nane haziozeshwi kwa spika yoyote tu. Watoto wao walioko mbali walimletea baba yao spika za dukani, ndefu, nyembamba, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Akaziunganisha. Mwimbaji akaanza vizuri, lakini ngoma zilipoingia sauti ikawa kama mtu anatafuna mchanga. Bwana Wati akazima, akamfuata mkewe dirishani kumweleza, ingawa hakuulizwa.

"Spika ni kama mlango, Mama. Kuna mlango unaofunguka kwa kidole, na kuna mlango wa kusukuma kwa bega. Hizi ni za bega, nami nina kidole."

"Nzuri," alisema Mama Sindano, akiuma uzi.

Aliyeleta ufumbuzi ni mdogo wake Bwana Wati, seremala, aliyefiwa na mke na asiye na mtoto, ambaye kila Jumamosi alikula chakula cha mchana kwa kaka yake na kumtania shemeji yake mpaka jua lichwe. Kulikuwa na jumba la sinema linabomolewa, na yeye alikwenda kununua milango. Nyuma ya lile pazia la picha akakuta spika mbili za karatasi, pana kama sinia, zimejaa vumbi la miaka. Akazibeba zote mbili kwa bei ya bawaba.

"Kaka, hizi zinafunguka kwa kidole?"

Bwana Wati alikaribia, akaipuliza karatasi kwa mdomo, polepole. Karatasi ikasogea. Akapuliza tena, uso umemchangamka kama mtoto. "Zinafunguka kwa pumzi, mdogo wangu!"

Ilimchukua seremala miezi minne kuzitengenezea masanduku. Alitumia mbao za ile milango, akazipima, akazipanga, akabomoa sanduku moja kabisa na kuanza upya kwa sababu lilikuwa linatetemeka. Yalipofika yalikuwa yanamfika mtu kifuani, na cherehani ikabidi isogezwe mpaka ukutani. Mama Sindano alibwata, halafu akachukua kitambaa akayafuta. Bwana Wati akageuza amplifaya, akaonyesha matundu ya nyuma yaliyoandikwa nne, nane, kumi na sita. "Kila spika na namba yake," alisema. "Hizi ni za kumi na sita. Ukikosea tundu, sauti inakosa raha." Akachomeka. Akasubiri valvu zipate moto. Akaweka santuri.

Lo! Mguu wa Mama Sindano ulisimama juu ya kanyagio. Wati nane zilijaa chumba chote, na mwimbaji alikuwa amesimama pale kati ya masanduku mawili, karibu umguse bega. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Sindano kusikiliza wimbo wa mumewe mpaka mwisho, na aliona haya kidogo, maana alikumbuka ni mara ngapi alimjibu juu juu.

Lakini Bwana Wati alikunja uso. "Mwili upo," alisema. "Ncha hazipo."

Ncha, kwa lugha yake, ni zile sauti nyembamba za juu kabisa: matoazi, pumzi ya mwimbaji kabla hajatoa neno, kayamba. Seremala hakubisha. Wiki iliyofuata alitoboa kila sanduku juu, akatia twita, spika ndogo ya kutoa sauti hizo. Kaka mtu akasikiliza, akatikisa kichwa. Twita huwekewa kidude cha kuibana kidogo ili isipige kelele. Bwana Wati akaking'oa. Akatikisa kichwa. Akazielekeza twita usoni kwake. Akatikisa kichwa. Na kila mara aligeuka na kuuliza, "Mama, unaonaje?" Na mama, ingawa sasa kila neno lenye sauti ya "s" lilimchomea masikio kama pasi juu ya kitambaa kibichi, alijibu kwa mazoea ya miaka thelathini na mbili.

"Nzuri."

Seremala naye, maskini, hakuwa shahidi wa kutegemewa. "Masikio yangu yameliwa na msumeno," alisema. "Ukiniambia hazipo, hazipo."

Jumamosi iliyofuata mambo yakaharibika. Walikuwa wamemaliza kula. Bwana Wati aliweka santuri, akasikiliza nusu ya wimbo, akaiinua sindano kwa hasira na kusema masanduku ndiyo yanayomeza sauti. Ubao wa milango, alisema, ni ubao wa milango. "Ndiyo hasara ya kumpa kazi ya sauti mtu aliyezoea vitanda."

Seremala alikuwa anatafuta kijiti cha meno. Aliacha kukitafuta. Hakupandisha sauti hata chembe, na hapo ndipo Mama Sindano alipoogopa.

"Jumamosi ijayo saa kumi nitakuja na mkokoteni," alisema. "Nitachukua mbao zangu. Na chakula, shemeji, usinipikie tena."

Akatoka bila kufunga mlango. Bwana Wati alijifanya anafuta vumbi kwenye santuri. Mama Sindano alibaki na sahani mikononi, roho inamuuma. Yule mtu hakuwa na meza nyingine ya kukaa na ndugu. Na huyu mwingine, kwa ubishi wake wote, hakuwa na rafiki zaidi ya yule.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera zaidi ya huzuni, kwa sababu halikuingia akilini. Ncha hazipo? Mbona zilikuwa zinamchoma? Jumapili nzima alilizungusha wazo hilo kichwani. Jumatatu alikata kitambaa vibaya kwa ajili yake. Jumanne asubuhi aliacha kazi, akaenda kwenye rafu ya mumewe, akashusha kisanduku cha bati chenye kitufe kikubwa cha kuzungusha na namba zimekizunguka.

"Mzee, hiki ni cha nini?"

Bwana Wati alishusha gazeti. Alimtazama mkewe, akakitazama kisanduku, akamtazama tena mkewe. "Kinapiga mluzi. Tulikuwa tunapimia redio. Ukizungusha hivi mluzi unapanda, unazidi kuwa mwembamba. Namba ni maelfu ya mitetemo kwa sekunde: moja, mbili, mpaka kumi na sita. Unakitakia nini?"

"Nataka tu kujua."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina masikio?"

Mwanamume alifurahi! Alisahau gazeti, akaunganisha kisanduku kwenye amplifaya, akamwonyesha wapi pa kushika na wapi asiguse. Valvu zina moto, alimwonya, na usithubutu kuchomoa waya wa spika wakati imewaka, utaiua amplifaya. Kisha akarudi kwenye kiti chake na kumwachia uwanja, amejaa fahari kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mama Sindano akaanza na moja. Mluzi mnene, wa kawaida. Mbili. Kwenye tatu mumewe alikunja pua. "Punguza basi, inaudhi." Kwenye tano aliziba sikio moja kwa kidole. Kwenye sita akasema, "Mama, utatutoa roho!" Mama Sindano akasogeza kitufe mbele kidogo tu, na Bwana Wati akashusha pumzi ndefu, akafungua ukurasa wa michezo.

"Afadhali umezima," alisema.

Hakuwa amezima. Mluzi ulikuwa unalia vile vile, mwembamba, mkali, unapita ndani ya kichwa chake kama uzi kwenye tundu la sindano. Alimtazama mumewe. Alikuwa anasoma matokeo ya mpira, midomo inacheza. Akasogeza mpaka saba. Nane. Meno yalianza kumwasha. Tisa. Bwana Wati aligeuza ukurasa, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wake wa zamani, raha mustarehe.

Kumbe!

Alizima kweli sasa, na wala mume hakutofautisha. Jambo la kwanza alilotaka ni kukimbia akamwambie mtu, maana hakuna utamu kama wa kufumbua fumbo mwenyewe. Kisha likaja wazo la pili, polepole, likamkalisha kitako: masikio ya mumewe yalikuwa yanakufa.

Hata hivyo fundi cherehani hakati kwa kukisia. Jumatano alikiwasha kile kisanduku tena, na Alhamisi, na Ijumaa. Alichukua chaki yake ya kuchorea nguo, akaweka mstari mwembamba mahali ambapo mumewe aliacha kulalamika. Siku zote nne ni pale pale, kidogo tu baada ya sita. Kisha akazungusha mpaka masikio yake mwenyewe yaliponyamaza, karibu na kumi na mbili, akaweka mstari wa pili. Kati ya mstari na mstari palienea vidole vitatu. Humo ndimo yalimo matoazi, na kayamba, na pumzi za waimbaji wote. Mume alimwona akichora, akacheka, akamwita mwanafunzi wake. "Umeyapenda haya mambo uzeeni," alisema, na akamletea chai mwenyewe, kitu ambacho hakikuwa cha kawaida. Ilimshuka kooni kama mchanga.

Angenyamaza tu? Akinyamaza, Jumamosi saa kumi mkokoteni unakuja, na ndugu wawili wanaachana kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya. Akisema, anamnyang'anya mumewe kitu alichojivunia kuliko nyumba hii. Watu walikuwa wakimletea Bwana Wati redio, anaisikiliza kidogo tu akiwa bado mlangoni, anawaambia ugonjwa wake. Masikio yale ndiyo yaliyomlisha yeye na watoto wake. Na zaidi ya hapo, nani atamwamini? Yeye, Mama Nzuri?

Jumamosi saa tisa alizima cherehani, akasogeza kiti mpaka mbele ya mumewe.

"Mzee, masanduku hayana kosa."

"Wewe kwako hakuna chenye kosa."

"Ni kweli. Miaka yote nilikuwa nakujibu bila kusikiliza. Nilikuwa nakudanganya."

Bwana Wati alicheka kidogo, bila furaha. "Ulidhani sijui?"

Hilo lilimpiga. Akaendelea. "Wiki hii nimesikiliza. Ncha zipo, Mzee. Zimezidi, zinanichoma. Wewe ndiye huzisikii."

Mume alisimama, amewaka. Masikio haya? Haya yaliyosikia redio ikiugua tangu barabarani? Twita zimekufa, alisema, ndilo lililopo, twita alizonunua yule mtu ni za ovyo, na wewe unamtetea shemeji yako.

"Basi nipime."

"Nikupime nini?"

"Mimi nageukia ukuta. Wewe washa mluzi, uzime, uwashe, upendavyo. Nikiusikia nainua mkono, nisipousikia naushusha. Nikikosea hata mara moja, sitatia neno tena."

Mtu wa vipimo hawezi kukataa kipimo. Alikwenda kwenye kisanduku, akainama, akaiona mistari miwili ya chaki.

"Hii mistari yako ni ya nini?"

"Ni pale masikio yanapoishia. Ule wa kwanza ni wako. Ule wa pili ni wangu."

Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma namba. Halafu akaweka kitufe kwenye nane, kati ya mistari, na mkewe akageukia ukuta.

Bwana Wati alifungua sauti. Kwake chumba kilikuwa kimya. Alisikia gari likipita nje, alisikia kiatu chake sakafuni. Mkono wa mkewe ukainuka. Akafunga, mkono ukashuka. Akafungua, ukainuka. Akajaribu kumtega: akatikisa kisanduku, akakohoa, akagusa kitufe bila kukizungusha. Mkono ulitulia chini. Akafungua polepole sana, kidogo kidogo, na mkono ukaanza kupanda. Alirudia hata akapoteza hesabu. Kila mara mkono ule, wenye pete na kovu la mkasi, ulimwonyesha kitu kilichokuwa ndani ya chumba chake naye hakijui.

"Hodi!"

Seremala alikuwa mlangoni, kamba za kufungia begani. Alimwona shemeji yake amekabili ukuta, mkono juu.

"Shemeji, umekamatwa kwa kosa gani?"

Hakuna aliyecheka. "Mdogo wangu," alisema Bwana Wati bila kugeuka, "unasikia chochote sasa hivi?"

"Mimi nasikia msumeno tu, siku zote. Kwa nini?"

"Mluzi unalia. Mama anausikia. Mimi siusikii." Akazima kisanduku. "Masanduku yako ni mazima. Twita zako ni nzima. Mimi ndiye nimezibika. Nilikutukana bure, tena mezani, mbele ya shemeji yako. Nisamehe."

Seremala aliziangalia kamba zake kama mtu aliyepewa mzigo usio wake. Alikuwa amekuja na hasira ya wiki nzima, ameipanga vizuri, na sasa hakuwa na pa kuitua. "Kwa hiyo nisibebe?" aliuliza hatimaye.

"Ukibeba nakushtaki."

"Na vitanda vyangu je?"

"Vitanda vyako ni vibaya, hilo silirudishi."

Hapo ndipo seremala alipocheka, akazitupa kamba nje ya mlango, na Mama Sindano akaketi juu ya kitambaa cha mtu bila kujali, machozi yanamtoka. Aliyafuta kwa haraka kwa ncha ya futi ya kupimia.

Walirudi kazini pale pale. Bwana Wati alipasha moto chuma cha kuunganishia waya kwa risasi, akatoa kopo la vile vidude vya kuibana twita. Alikuwa navyo vya kila namna. "Tutaziweka kwa masikio yako," alimwambia mkewe.

"Na wewe?"

"Mimi nitakuuliza."

Akaunganisha kimoja, akacheza wimbo. "Hiki?"

"Bado kinauma."

Akaweka kingine. "Hiki?"

"Hiki kimelala. Sauti imejifunika shuka."

Kwa Bwana Wati vyote vilikuwa kimoja. Alikuwa anamtazama mkewe usoni badala ya kuzitazama spika, na alionekana mzee. Lakini mikono yake ilikuwa haraka, na kila jibu alilirudia kwa mdomo kabla ya kushika chuma. Cha tatu, Mama Sindano aliomba kirudiwe. Akaomba tena. Akafumba macho, kichwa upande mmoja, na wanaume wawili wakamsubiri kimya.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo, usiguse."

Seremala alikwenda jikoni kujitafutia cha kula, maana alisema amani haimshibishi mtu. Bwana Wati alichagua santuri ya zamani, jalada lake limechanika pembeni, akaiweka taratibu. Akaja kukaa karibu na mkewe, mabega yanagusana. Mwimbaji akaingia, ngoma zikamfuata.

Alisikiliza sana, amekunja paji la uso. "Huko juu kuna nini?"

"Kuna mtu anatikisa kitu," alisema Mama Sindano. "Kama punje za mchele ndani ya kopo."

"Yuko upande gani?"

"Kushoto. Nyuma kidogo ya mwimbaji. Hana haraka."

Bwana Wati aliitikia kwa kichwa. Santuri hii alikuwa nayo tangu kabla hajamwoa, alisema. Alikuwa akimsikia mtu huyo. Hakumbuki ni lini alipomwacha. Akamshika mkewe mkono.

"Bado anatikisa?"

"Bado."

"Akinyamaza, uniambie."